Boksi la Garimoshi

Posta walinipimia kwa utepe, si kwa mizani.
Urefu, upana, kimo.
Karani akaandika, akagonga muhuri, akasema:
"Bwana Shemhilu, zigo hili lalipiwa kwa ukubwa wake."
Nikalipa.
Sikujua kwamba nalipia hewa.

Nikalifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi,
nikalisukuma kwa miguu hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
maana kupanda hakukuwezekana.
Watu wakatoka vibarazani.
Televisheni hiyo? Cherehani?
Mama Chausiku wa maandazi akaapa ni jiko la gesi, la mafiga manne.
Ubavuni picha: garimoshi jeusi latimka,
nyuma yake milima ya theluji,
moshi wake umekunjwa vizuri kuliko shela la bibi harusi.
"Ni treni," nikawaambia.
Wakacheka, wakarudi kwenye mambo yao.

Mwanamkasi alileta kisu cha samaki.
Tukafungua boksi;
ndani, boksi.
Ndani ya boksi, makaratasi yaliyofinyangwafinyangwa,
mapovu ya nailoni (Tunu akayapasua yote, pa, pa, pa, mpaka adhana),
kisha kimfuko kimoja, kama cha njugu za shilingi mia mbili,
na humo vipande vya plastiki vimeng'ang'ania vijiti
kama mishikaki ya siafu.
Mke wangu akazamisha mkono hadi kwapani,
akapapasa pembe zote nne,
akauliza kwa upole ule unaoniogopesha:
"Na treni yenyewe yaja lini?"

Nilitaka kumjibu. Baba yangu alipaka grisi magurudumu ya kweli
karakana ya reli, miaka ishirini na sita,
akarudi kila jioni na weusi chini ya kucha
ambao hata limau halikuutoa.
Barua yake ya kustaafu ililetwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki.
Maneno yalikuwa mistari mitatu.
Sikusema. Niliwasha taa,
nikaazima kibano cha nyusi cha binti yangu,
nikaanza kugundisha.

Usiku sita.
Garimoshi likatoka refu kama penseli.
Dohani, kengele, ngazi ya dereva,
hata koleo la makaa, dogo kama kucha ya paka.
Magurudumu, karatasi ya maelezo yasema, ni manane.
Nikahesabu saba.
Nikahesabu tena, kama mtu ahesabuye chenji aliyokwisha kupunjwa.
Saba.

Lile boksi kubwa wakati huo lilishapata kazi.
Mwanamkasi alilitoboa mlango, akatandika maranda na kanga kuukuu,
na yule tetea wa madoadoa, asiye na adabu,
akaingia bila hodi, akalalia mayai tisa,
milima ya theluji ubavuni mwake.

Nikapiga magoti uani. Nikapitisha mkono chini ya tumbo la moto.
Akanidonoa. Nikavumilia.
Yai. Yai. Maranda. Yai.
Na pale kwenye mkunjo wa kona,
kitu kidogo, cha mviringo, chenye njiti,
kimepata joto kama kitu kilicho hai.

Sikukitoa.
Nikarudisha mkono mtupu, wenye alama ya mdomo,
nikamwambia mke wangu sijaliona.

Sasa garimoshi liko juu ya redio,
upande mmoja nimelitegemeza kwa punje ya mbaazi.
Jirani akiuliza laondoka lini, namwambia
leo siku ya ishirini, bado moja.
Anadhani nimechanganyikiwa.

Jana usiku umeme ulikatika, mtaa mzima ukanyamaza.
Nikasikia, kule uani, ndani ya boksi:
ta-ta.
Kimya.
Ta-ta.